Mgomo Ulioisha kwa Mazungumzo

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimejiponza mwenyewe. Kitabu kipya cha historia kina mistari miwili tu juu ya mgomo wa zamani wa kiwanda cha hapa kwetu: uliisha kwa mazungumzo, hakuna aliyeumia. Wanafunzi wanasinzia. Nami na kimbelembele changu — nikawaambia wakawaulize wazee wao nyumbani. Nikasahau kwamba binti yangu yumo darasani humo. Na nyumbani kuna mama yangu!

Jumanne, 4 Juni

Yametimia. Binti kasimama mbele ya wenzake: bibi yake alipigwa risasi ya nyonga siku ile, getini pa kiwanda, ndiyo maana anachechemea. Darasa zima likanigeukia. Nikajifanya nafuta ubao. Ubao wenyewe mtupu!

Mchana mwalimu mkuu kaniita. Eti Alhamisi mkaguzi anakuja na mtihani wa majaribio, na majibu yanatoka kitabuni, si kwa bibi wa mtu. Akanikumbusha mwenzangu aliyehamishiwa mpakani kwa sababu ya mdomo wake. Mimi nikihamishwa, mama nitamwachia nani? Nikasema ndiyo, mzee. Ndiyo tena. Najichukia.

Jumatano, 5 Juni

Jikoni. Nimembembeleza binti aandike ya kitabu, yaishe. Akaniuliza: kwa hiyo Mama, bibi alipigwa mazungumzo ya nyonga? Nilitaka kumzaba kibao, kicheko kikanibana, kisha machozi. Mama yangu kasikia yote. Kasema mwache mtoto afaulu, yeye kwenye vitabu vyao hajawahi kuwemo, kashazoea. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika hapa hapa, mtihani unaendelea. Mkaguzi kakaa nyuma, mikono kifuani. Anadhani naandaa somo. Swali la tano: eleza mgomo ulivyoisha. Maksi mbili, mistari miwili. Karatasi zote ataondoka nazo yeye.

Wanafunzi wengine wamemaliza, wanachezea kalamu. Binti yangu bado kainama. Nimepita karibu yake — hanitazami. Mistari kaijaza, pembeni kajaza, nyuma ya karatasi pia.

Kanyoosha mkono. Mkaguzi kamwona kabla yangu, ananiashiria kwa kidevu nimhudumie.

"Mwalimu," anasema — hapa mimi si Mama — "naomba karatasi ya nyongeza."

Ninazo. Ziko mezani, chini ya kiwiko changu. Kiwiko hakinyanyuki. Mkono wake bado uko juu.