Mama, Baba Yako Alirudi

Mama,

Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi. Nimekaa kwenye kiti chako nikijaribu kukueleza jambo ambalo ulistahili kulisikia ukiwa hai.

Kuna kitu nilikuficha. Mwaka ule kabla hujaanza kuugua, mwanamke mmoja kijana wa Uholanzi aliniandikia kwenye simu. Alijiita Marijke. Alisema babu yake aliwahi kujenga nyumba karibu na ziwa Kisiba, na kwamba anatafuta habari za mtoto wa babu huyo aliyezaliwa huku, jina lake Tumpe. Jina lako, Mama! Mimi nikajisemea hawa ni matapeli tu. Nikafuta ujumbe. Wewe ulikuwa uani unachambua maharage.

Ukweli ni kwamba niliogopa pia. Kila ukimtaja baba yako ulisema, "Yule alinitupa kama ganda la ndizi," halafu unavuta kitambaa kufunika zile nywele zako za rangi ya kahawia, na siku hiyo huli. Sikutaka kuchokonoa kidonda.

Marijke aliandika tena tulipokwisha kukuzika. Safari hii alituma picha ya babu yake akiwa kijana. Macho yako, Mama. Hata kidevu. Nilikaa sakafuni pale pale ofisi ya walimu, wenzangu wakadhani nimeanguka.

Mwezi uliopita akaja mwenyewe. Mrefu, mpole, ananiita dada. Tulichukua bodaboda mbili kutoka Tukuyu mpaka Kisiba. Nyumba ipo bado. Bati limeoza, mparachichi umeota sebuleni, lakini ukuta wa mbele unapanda kwa ngazi ngazi za matofali mpaka kileleni. Marijke akanionyesha picha za kijijini kwao: kuta za namna ile ile. Akaweka kiganja kwenye tofali. Na mimi nikawaza, hapa ungesimama wewe.

Tukateremka Kisondela kwa Mama Mkubwa Subilaga, binti wa mjomba wako aliyekulea. Amezeeka sana, ila akili imetulia. Alimtazama Marijke, akasahau hata kutusalimu. Machozi yakamtoka.

"Alirudi," akasema. "Yule baba alirudi, mwanangu."

"Nani, Mama Mkubwa?"

"Mholanzi. Tumpe alikuwa na miaka minne hivi, mama yake ameshafariki. Alikuja na viatu vidogo vya ngozi. Baba yangu akamwambia mtoto amekufa kwa surua. Tuliogopa angemchukua Ulaya, tusimwone tena. Mimi nilikuwa naye jikoni, nimempa ndizi ya kuchoma asitoe sauti."

"Akafanyaje?"

"Akaomba kuonyeshwa kaburi. Baba akamwonyesha la mtoto mwingine. Akapiga magoti pale, akaviacha vile viatu, akaenda zake."

Nilitaka kuwakasirikia, Mama. Nikashindwa. Wao walikupenda wakaogopa. Na mimi je? Mtu alikuulizia, nikamfuta kwa kidole kimoja. Ungekuwa na karibu miaka miwili ya kujua.

Tukirudi, mvua ilitukamata Mpuguso, tukajibanza kwenye kibanda cha chai. Hapo Marijke akanionyesha picha ya ukurasa wa Biblia ya kwao, kubwa, ya zamani, ambamo huandika majina ya watoto wote wa ukoo. Babu yake alikuandika wa kwanza, juu ya watoto wake wengine wote. Tumpe. Mbele ya jina alichora msalaba mdogo, alama ya marehemu. Aliuamini msalaba ule mpaka naye alipokufa; Marijke ndiye aliyetaka kuhakikisha.

Marijke aliniuliza kama aufute. Nikamwambia asiufute, mzee aliuchora kwa uchungu wa kweli. Aandike tu pembeni kwamba uliishi.

Jana ametuma picha. Ameandika kwa wino wa bluu, kwa Kiswahili, herufi zimepinda kidogo: "Aliishi." Chini yake yamefuata majina yetu, watoto wako watano. Langu amelikosea. Sijamwambia.

Naahidi, Pasaka nitawakusanya wajukuu wako wote niwasimulie habari hii yote, hata sehemu yangu, bila kujipunguzia. Na kwa Mama Mkubwa nitakwenda tena. Hajalala vizuri tangu siku ile, wameniambia.

Kwa heri, Mama yangu. Sina la kujitetea.

Mwanao,
Lugano