Msamaha wa Ushuru kwa Magurudumu Matatu

Jericho, Alhamisi, 1996

Yule karani wa ushuru bado ananikera. Fomu ya msamaha kwa magari ya walemavu inauliza nambari ya injini, naye hagongi muhuri nafasi ikibaki tupu. Nikamwambia kigari changu hakina injini, kinatumia betri. Akakitazama, kisha akatazama magongo yangu.

"Mzee, gari bila injini ni gari gani hiyo?"

Mwishowe tukaandika nambari ya betri. Akagonga muhuri, ushuru ukafutwa. Bila msamaha huo, kigari alichonitumia dada yangu kutoka ng'ambo kingeozea ghalani.

Hiyo betri inanitia wasiwasi. Ikifa, nitapata wapi nyingine? Hata Kariokor, ninakoshona viatu, sijaona anayeuza... Basi, ya kesho ni ya kesho.

Jioni nimeenda sokoni na mke wangu. Tangu tuoane, mimi ndiye hubaki nyuma na magongo, nikimwomba anisubiri. Leo nimesikia sauti yake nyuma yangu, akihema: "Baba Achieng, si unisubiri!"

Nimemsubiri. Lakini si papo hapo.