Kitabu Kilicholazwa Kifudifudi

Jumamosi, 3 Mei

Zamu yangu ya kuleta kitabu — hatimaye! Mwezi huu kikundi chetu cha kusoma tulikubaliana kusoma fumbo la kale, la enzi za Malkia Viktoria: taa za gesi, ukungu, wapelelezi wenye masharubu. Nimepekua kwa muuza vitabu vya mitumba mpaka nikapiga chafya, nikapata chenyewe. Muuza saa anaopolewa mtoni, amekufa. Wanakuja wajane wawili kuitambua maiti, kila mmoja na pete yake. Hawajuani!

Niliwasimulia mwanzo tu, kama kawaida yetu, sebuleni kwa wifi. Mwalimu mstaafu alikuwa ametega masikio kama mtoto. Nilipofika kwenye wajane wawili, Redio, jirani yangu wa chini, akanyoosha mkono, akakichukua kitabu, akakilaza kifudifudi mezani.

Ndiyo kanuni yetu, tangu mwenzetu Nesi alipoondoka akilia katikati ya kisa cha mtoto aliyezama: ukijua kitabu kinagusa kidonda cha mmoja wetu, unakilaza. Hakuna kuuliza kidonda cha nani. Tunachagua kingine, basi.

Lakini Redio! Jina hilo hakupewa bure, leo kimya. Wifi naye akaenda kuchemsha chai wakati chupa imejaa mezani. Hapa kuna jambo.

Jumapili, 4 Mei

Mume wangu kapiga simu. Lifti ya ile hospitali huko aliko imekorofisha tena, yeye ndiye fundi, anabaki mpaka wiki ijayo. Haya. Nikamsimulia muuza saa na wajane wake. Akasema wanawake tuna mambo, akakata. Eti anaitwa.

Kidonda ni cha nani? Najua siruhusiwi kuuliza. Kufikiri hakujakatazwa.

Jumatatu, 5 Mei

Nimesugua meno bandia siku nzima karakanani, akili iko kwa wenzangu. Nimepata! Ni Mwalimu. Mumewe alikufa kabla sijahamia mtaa huu. Nani ajuaye msibani alitokea nani? Maskini, na mimi nilivyosimulia kwa mbwembwe.

Jumatano, 7 Mei

Mwalimu alikuja kupimwa meno mapya. Nikamjaza nta ya vipimo mdomoni, nikamwambia taratibu: pole, sikujua kama marehemu alikuwa na nyumba nyingine. Nusura ameze nta. Akaitema kiganjani.

“Mume wangu? Hata nyumba moja ilimshinda.”

Tukacheka wote. Halafu yeye akaacha kucheka, mimi bado naendelea peke yangu. Akanishika mkono, na vidole vyake vina nta.

“Mwanangu, chagua kingine. Hicho kiache.”

Kwa nini anishike mkono? Vipimo vyenyewe nimevikosea, itabidi arudi.

Alhamisi, 8 Mei

Nesi hajaolewa. Redio mumewe anaumwa miguu, anashinda naye dirishani. Wifi kaachika, na talaka yake anaisimulia mwenyewe huku akijipepea. Mwalimu siye.

Tuko watano.

Hapana. Ninajitia wazimu. Hivi vitabu vya wapelelezi vinaharibu watu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempigia mimi. Sikuuliza chochote cha maana, wallahi. Nilimuuliza lifti inaendeleaje. Badala ya kujibu akauliza:

“Kwani dada kakwambia nini?”

Nikasema dada yako kaniambia nini kuhusu lifti? Akacheka — kile kicheko chake cha kumwambia mteja kesho itakuwa tayari. Akasema kachoka tu, nimsamehe.

Naogopa. Naandika nilione neno lenyewe: naogopa.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika chooni kwa wifi. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Nilifika wote wameshakaa. Wamechagua kitabu kingine bila mimi — fumbo la mkufu ulioibiwa, hakuna ndoa ndani yake hata moja! Mwalimu akanisogezea kiti. Sikukaa. Nikavunja kanuni, nikauliza kile kitabu changu kinamuuma nani humu ndani. Nesi akatazama viatu. Hapo nikawa nimeshajibiwa. Wameniona nacheka mwaka mzima huu, wananihurumia! Aibu imenipanda kabla hata ya hasira.

Wifi ndiye aliyeinuka.

“Wifi yangu, nilitaka kaka akwambie mwenyewe. Kila mwezi ananiahidi.”

Nikauliza kama kuna watoto. Wifi akamtazama Redio, Redio akaanza kulia. Nikachukua mkoba wangu, nikaja huku.

Kumbe kidonda walichokuwa wanakilinda wote ni changu. Na mimi ndiye nimewaletea kisa changu mwenyewe, nikakinunua kwa hela yangu!

Wifi anagonga. Anasema nifungue, kaka yake yuko kwenye simu aliyoiweka spika, anataka kusema na mimi, anasubiri.

Anapiga kutoka kazini? nimeuliza kupitia mlangoni. Mbona nasikia televisheni?

Anasema hapana, leo hakwenda kazini. Yuko nyumbani.

Nimemuuliza, wifi, nyumbani kwa nani?

Simu hajaikata, nasikia mtoto anamwita baba —