Lenzi Ndogo Iliyo Fungu Langu

S.L.P. 11,
Kendu Bay.
9 Oktoba, 1966.

Mpendwa Mjomba Hemed,

Assalamu alaikum. Shikamoo, na baada ya shikamoo naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Bi Sainab na watoto wote hapo Mombasa. Je, goti lako linaendeleaje? Mama anasema mvua ndiyo inayokutesa, na anakukumbusha ulichue kwa mafuta ya nyonyo. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri tangu atoke edani, na dagaa wa omena wamekuwa tele hata paka wa sokoni wameanza kuchagua.

Barua yako niliipokea Jumatano na nimeisoma mara tatu. Umeniandikia kwa upole, nami sikukasirika nawe. Lakini unaniambia nimrudishie Kaka Sharif ile lenzi ndogo ili nyumba ikae kwa amani, kisha nije kwenu nipumzike. Mimi sijachoka, Mjomba. Kaa kitako nikueleze, kwa sababu yeye amekueleza upande wake tu.

Mirathi ya Baba iligawanywa na sheikh wetu mbele ya watu. Mama alipokwisha kupata haki yake, Sharif alipata mafungu mawili na mimi moja, kama sheria inavyosema, wala sikunung'unika. Yeye akachukua kamera mbili mpya, taa zote na chumba cha studio. Mimi nikapewa ile kamera kuukuu ya mbao, yenye mkunjo wa ngozi uliotoboka, pamoja na bati la biskuti lililojaa lenzi ambazo Baba alizinunua kwa Wazungu waliokuwa wakihama. Sharif alicheka, akasema nimeachiwa macho ya maiti. Kisha akatia sahihi.

Nilizimwaga lenzi hizo kitandani nikazichunguza moja moja. Nilifunga dirisha nikaacha upenyo, nikaielekeza kila lenzi nje na kushika karatasi nyuma yake. Zote zilichora ziwa na mitumbwi yake sawasawa, ila moja, ndogo kama kizibo cha chupa, ilichora ziwa hafifu kama lililofunikwa na moshi. Nilitaka kuitupa. Halafu nikajaribu kinyume: nikaweka harage kwenye jua, karibu kabisa na lenzi, na karatasi nikaisogeza nyuma kiasi cha shubiri. Harage likatokea kubwa kama yai, na mikwaruzo yake yote ikionekana. Nilicheka peke yangu, Mjomba, kwa furaha.

Haikuwa na pete ya kuzungusha. Ilikuwa na maneno ya Kijerumani na 42 mm, basi, na uzi wake wa kukazia haukuingia katika kamera yoyote. Nikaipeleka Migori kwa Maroa, yule Mkuria aliyekuwa akikereza vyuma mgodini. Aliipima akatikisa kichwa. "Hii si ya kamera, dada. Hii uzi yake ni ya maikroskopu. Nilionanga moja kama hii kwa daktari ya mgodi." Hapo ndipo nilipojua nina nini mkononi: jicho la hadubini, lenzi iliyoundwa kwa vitu vidogo tu, vya mbali si kazi yake.

Maroa alinikerezea pete kutoka bomba la shaba, upande mmoja ushike lenzi, upande wa pili ushike ubao wa kamera. Ngozi ya mkunjo niliiziba mwenyewe kwa viraka vya baiskeli. Picha za kwanza zilitoka nyeupe kama zimemwagiwa maziwa, nikalia, nikadhani lenzi imekufa. Kumbe kosa lilikuwa langu: shaba ilikuwa inang'aa kwa ndani na kurudisha mwanga. Niliipaka masizi ya kandili, mambo yakanyooka.

Sasa, kuhusu Bwana Onsongo ambaye Sharif anasema nilimnyang'anya. Huyo ni afisa anayepambana na mbung'o huko Lambwe, wale nzi wanaoleta malale. Watu kule wanamchanganya mbung'o na nzi wa kawaida, na yeye alitaka picha kubwa inayoonyesha mbawa zinavyolaliana kama makasi, aibandike kila soko. Alianza kwa Sharif. Sharif alimpiga nzi picha kwa kamera mpya, akatoa kidoa cheusi. Akimsogelea karibu, ukungu mtupu. Bwana Onsongo akaja uani kwetu na chupa yake ya mbung'o waliokufa, akaniuliza kama naweza. Nilimjibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Sharif amekuandikia pia kwamba nafanya kazi saa ya sala ya Ijumaa. Ni kweli. Picha hizi zinataka jua la utosini na kioo cha kulirudisha, na lenzi hukaa wazi mpaka nihesabu kumi. Kinu cha kusaga cha jirani kikinguruma, kila kitu kinatetemeka na picha inaharibika. Mchana kinu hicho huzimwa kwa muda wa saa moja tu kila wiki, wanaume wanapokuwa msikitini. Mimi sala yangu ya adhuhuri nasali nyumbani baada ya hapo, ndani ya wakati wake, na Mwenyezi Mungu anajua. Mwulize Sharif yeye alijuaje ninachofanya saa hiyo, kama kweli alikuwa safuni.

Picha zilipobandikwa, na jina langu chini yake, ndipo ndugu yangu alipokumbuka kwamba lenzi ile iliingia kwenye fungu langu kwa bahati mbaya. Ijumaa iliyopita alimleta sheikh baada ya sala. Niliwakaribisha, nikamwaga bati lote mkekani. Sheikh akamwambia, "Haya, Sharif, tuonyeshe iliyo yako." Sharif akashika ile kubwa kuliko zote, inayometa, ya mashine ya kuonyeshea picha ukutani.

Ningeweza kunyamaza aondoke nayo. Sikunyamaza. Nilimwambia, "Hiyo siyo, Kaka. Unayoitaka ni hii hapa, na hii haitoki." Kisha nikamwambia kama anataka kazi, milango iko wazi, aje akae nimfundishe kama Baba alivyotufundisha sisi wote. Akaniambia hafundishwi na mtoto wa kike, akatoka bila kumaliza chai.

Sheikh alisema kwa upande wake mgawo umekwisha na sahihi zipo. Ila hataki kutuacha tukigombana, kwa hiyo anangoja neno lako, maana wewe ndiye mkubwa aliyebaki. Sharif naye anasema ukiniamuru, atakuja kuichukua.

Mjomba, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyemzika Baba ukakaa nasi mpaka arobaini. Lakini nilipewa nilichochekewa, nikakifanyia kazi kwa mikono yangu hii, na sasa nisiambiwe amani ya nyumba inategemea mimi nibaki mikono mitupu. Kwa nini hukumwomba Sharif yeye alete amani? Hilo limeniuma, na nalisema wazi.

Nimekutilia picha moja ndani ya bahasha. Huyo ni mbung'o, usiogope. Ukimtazama mdomoni utaona nywele za kwenye mwiba wake.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Bi Sainab, na Bibi Kaltum niliyepewa jina lake, mwambie natamani kumwona. Wabusu watoto. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na akuepushe na kila baya, wewe na wote walio chini ya dari yako.

Mwandikie sheikh upendavyo. Ila ukiandika kwamba niirudishe, sitairudisha. Nakuambia mapema, Mjomba, usije ukapoteza stempu.

Mwanao akupendaye, hata ukinikasirikia,
Kaltum