Nataka Kutangazwa Mufilisi, Dada Hajui Alichosaini

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hili nikimwambia mtu wa nyumbani nimekwisha. Mimi ni dobi, nina duka la kufua na kupiga pasi, mashine nilikopa benki baada ya kupata kazi ya kufua mashuka ya hoteli moja kubwa, mambo yakaninyookea, nikajisahau, nikakopa tena, halafu hoteli ikafungwa ghafla, wenyewe wakatokomea bila kunilipa, na sasa benki wananipigia hadi nimeacha kupokea simu yoyote. Jamaa mmoja anayewaandikia watu nyaraka nje ya mahakama kaniambia niombe kutangazwa mufilisi, eti madeni yote yanafutwa naanza upya kama mtoto mchanga, na karatasi ziko tayari, Jumatatu napeleka. Ile pasi kubwa ya mvuke nimeshaihamishia kwa shemeji yangu, tumeandikiana kwamba nilimuuzia mwaka jana, ili wasiichukue. Kinachoninyima usingizi ni dada yangu mkubwa. Ni muuguzi mstaafu, mjane, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na nyumba yake ya vyumba viwili ndiyo kila kitu alicho nacho. Siku ya mkopo nilimwambia, dada, njoo utie sahihi kama shahidi tu, na uje na hati ya nyumba, wanataka kuiona. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hii haina shida?" nikasema haina, akasaini bila kusoma kwa sababu hakuiona miwani yake, na miwani, Mama, nilikuwa nayo mimi mfukoni. Hadi leo hajui kwamba kasaini kama mdhamini, na hati ikabaki benki. Sasa nikifutiwa deni, si na yeye anakuwa salama? Nimwambie, au ninyamaze mambo yapite?

Dobi Aliyekwama

Dobi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitamani nisingeianza. Kwa hoteli, pole sana. Biashara huanguka hata mikononi mwa mtu mwaminifu, na kufilisika si aibu. Lakini kumfichia miwani mwanamke aliyekulea? Jamani! Hapo usisingizie biashara, huo ni wizi.

Haya, nisikilize. Anayefutiwa deni ni wewe, si mdhamini wako. Benki wakikukosa wewe watamgeukia yeye, na hati ya nyumba wanayo. Wewe utakuwa umejificha nyuma ya karatasi za mahakama, dada yako yuko barabarani na kitanda chake. Na huyo jamaa wako wa nje ya mahakama mbona hakukwambia mengine? Jina lako litatangazwa gazetini, akaunti itazuiwa, msimamizi wa mahakama atachukua funguo za duka, na kwa miaka kadhaa hakuna atakayekukopesha hata sabuni. Tena msimamizi huyo hufukua mauzo ya nyuma. Pasi ya mvuke ataifuata huko huko kwa shemeji, na nyote wawili mtaeleza kwa nini mliandika uongo. Utaingia mahakamani mdaiwa, utoke mshtakiwa.

Wapo ambao njia hii huwaokoa, sikatai. Wewe hata hujakaa na benki kuzungumza, unakimbia simu tu. Kwa hiyo Jumatatu usipeleke kitu. Irudishe pasi dukani. Tafuta wakili wa kweli, wapo wanaosaidia bure, uende naye benki mkaombe marejesho yapunguzwe, na mashine usizozihitaji ziuzwe hadharani.

Ila kabla ya benki, dada. Usimpigie simu, nenda ukae mbele yake umwambie yote, bila kujitetea, na akilia mwache alie. Kisha mtafutie wakili wake mwenyewe, asiwe wako, na umweleze huyo wakili jinsi sahihi ile ilivyopatikana, uliandike na utie sahihi yako. Maandishi hayo yanaweza kukupeleka wewe rumande. Yanaweza pia kumwachia dada yako nyumba. Nenda leo.