Udongo wa Nyuma ya Jiko

3 Februari

Baba, shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kelele na mama hajambo. Mimi mzima, ila mafua kidogo.

Barua yako imenitoa machozi. Kumbe ofisi ya mtaa imeshaamua: tarehe thelathini Juni wanamwaga zege uwanja wote wa nyuma, kwa kuwa ardhi imekufa. Nawe umekubali, ati uliiua mwenyewe, acha waizike. Baba, miaka ishirini na miwili uliyeyusha betri za magari pale upate madini ya risasi ya kuuza, na hakuna aliyekwambia kwamba yanaingia ardhini. Udongo ule ndio ulionisomesha. Sikubali uzikwe kabla haujapimwa.

Kazi yangu, kwa lugha ya nyumbani, ni kutafuta bakteria wa udongoni waliojifunza kuishi na sumu ya madini. Wakiwepo, basi ardhi iko hai na inaweza kutibiwa. Mkuu wangu wa maabara amekubali tupime udongo wa kwetu. Nitumie pakiti tano, kutoka sehemu tano. Vaa glavu, funika pua, usipeperushe vumbi.

Binti yako

22 Februari

Mwanangu, marahaba. Mgongo upo, tumeshazoeana. Mama yako hajambo, ila amenuna tangu asikie habari ya zege. Nguzo zake za kamba ya nguo ziko pale, na miaka yote hii amekuwa akisema siku moja atapanda maua katikati yake.

Udongo wako huo hapo. Nimeandika kila pakiti: mlangoni, ukutani, penye bomba, chini ya kamba, na ya tano nyuma ya jiko langu la kuyeyushia, ambapo hata gugu halijawahi kuota. Nilichota kama mtu anayetoa damu hospitali na anajua majibu yake.

Kuhusu usafi, usiwe na wasiwasi. Najua huko mnavaa makoti meupe. Nimehakikisha hutaaibika mbele ya mkuu wako.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo. Hamjambo nyumbani? Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Hakuna kilichoota. Visahani ishirini vya chakula cha bakteria, siku kumi kwenye kabati la joto, na vyote vimebaki vyeupe. Hata vile ambavyo sikutia sumu ya kuwajaribu. Mkuu wangu, mama asiyependa maneno mengi, alivitazama kimoja kimoja akasema, "Huu umekufa kweli. Mwisho wa Mei nafunga faili." Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Labda ofisi ya mtaa wana haki. Nisamehe, baba. Mwambie mama taratibu.

Binti yako

7 Mei

Mwanangu, marahaba. Natumaini u mzima, na mafua yameisha.

Wiki saba nimekaa kimya. Si mgongo, ni aibu. Nilipokusoma nilijiambia, haya, sasa hata mtoto amethibitisha kwa mashine kile nilichokuwa nakijua. Nikaacha kwenda uani kabisa. Hata nguo nilikuwa naanika dirishani.

Jana tukinywa chai nikamsimulia mama yako, kwa kupitia tu, jinsi nilivyouandaa ule udongo. Akaweka kikombe chini. "Ulifanya nini?" Nikarudia. Basi nikapewa maneno ambayo sijapewa tangu siku niliyoangusha kabati lake la vyombo.

Niliuchekecha nikatoa mizizi na wadudu. Kisha nikaukaanga kwenye karai langu la zamani, moto mkali, saa nzima, mpaka ukawa unalia kama changarawe. Sikutaka vijidudu vya uani kwetu viingie kwenye chumba chenu cheupe. Mama yako anauliza: mtoto anatafuta vijidudu, wewe unamkaangia bisi?

Niambie ukweli. Bado tuna muda, au nimeiua mara ya pili?

Baba yako

15 Mei

Baba, shikamoo. Na mama shikamoo yake kubwa zaidi, maana mwanasayansi wa nyumba hiyo ni yeye.

Nimecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mkuu wangu naye amecheka. Ndiyo mara ya kwanza kuona meno yake. Faili linabaki wazi hadi ishirini Juni.

Chota tena leo hii. Nautaka mbichi, na unyevu wake, na mizizi yake, na wadudu wake. Usichekeche, usianike, usikaange, wala usiuonee huruma. Na karai hilo lifunge kwenye mfuko usiliguse tena. Moshi wa udongo ule ni sumu, hapo sitanii. Nendeni wote wawili mkapime damu.

Binti yako

18 Juni

BABA! Shikamoo nitaisema mwishoni.

Wameota! Pakiti zote tano zina uhai. Nilipotia madini ya risasi, wa pakiti nne wakafa karibu wote. Wa nyuma ya jiko wakaendelea. Nikaongeza sumu mara mbili, mara tano, mara kumi. Leo asubuhi nimefungua kabati nimewakuta wametapakaa kisahani kizima. Mkuu wangu alisimama pale na mkono mdomoni, kisha akaita idara nzima.

Hivi ndivyo wanavyoishi. Kwenye ngozi yao kuna kitu kama pampu: risasi ikiingia mwilini wanaisukuma nje. Ikishatoka wanaifunga na fosfeti, ile chumvi ya kwenye mbolea, inakuwa chembe ngumu, mizizi haiwezi kuinywa. Na maelekezo ya kutengeneza pampu hiyo wanapeana jirani kwa jirani, kama mafundi wanavyoazimana spana. Sitakudanganya, baba, wengi walikufa. Lakini kila ulipowasha jiko, wachache walioweza walibaki, wakazaa wanaoweza zaidi. Wamekuwa wakisoma chini ya miguu yako muda wote ule niliokuwa nasoma mimi.

Visahani nimeviandika Baba 1 hadi Baba 5. Baba 5 ndiye bingwa, picha yake tumeibandika mlangoni.

Humu ndani mna barua ya mkuu wangu yenye muhuri. Inasema ardhi iko hai, na kwamba sisi tutaitibu kwa bakteria wake wenyewe, fosfeti na nyasi. Mboga msahau kwa miaka mingi. Ipeleke ofisi ya mtaa mwenyewe, mkononi.

Shikamoo, baba.

Binti yako

9 Septemba

Mwanangu, marahaba, hata ile ya mwishoni niliipata. Damu ya mama yako safi. Yangu ina risasi kidogo, daktari ananifuatilia, na nakula vizuri.

Barua yako ilifika tarehe thelathini yenyewe. Posta na lori la zege vilikutana mlangoni! Lori linazungusha tumbo lake, mwenyekiti wa mtaa ameshika daftari, na mama yako ameweka kiti katikati ya nguzo zake, anashona kifungo cha shati langu kana kwamba hakuna mtu. Nikapasua bahasha palepale nikasoma kwa sauti, hasa zile sehemu ambazo sikuzielewa.

Mwenyekiti akatazama chini. "Kwa hiyo humu mna wakazi?"

"Wamo."

"Wengi?"

"Kuliko mtaa wako wote, na hakuna hata mmoja aliyekuja ofisini kulalamika."

Akafunga daftari, na lori likaenda kumwaga mtaroni kwenye barabara kuu. Julai wenzako wakaja na mapipa ya bakteria na fosfeti, tukachanganya, tukapanda nyasi, tukangoja. Nilikuwa nachungulia kila asubuhi kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Jana mama yako aliniita kwa kelele za mtu aliyeungua. Nikakimbia, mimi na mgongo huu. Nyuma ya jiko, palepale, majani kumi na moja. Nimehesabu mara nne. Nilipiga magoti nikalia, mwanangu, na wala sikujificha.

Nilitaka kuyagusa, mama yako akanikataza. Nikamwambia nina haki, mmoja wa wakazi wa hapa ana jina langu. Akasema, "Yule ameishi na risasi miaka yote hajakohoa. Wewe karai moja tu, ulikohoa wiki mbili."

Wasalimie wa chumba cheupe. Na huyo Baba 5 mwamkie kwa niaba yangu. Mwambie nyumbani pameota.

Baba yako, asiye na namba