Shuka Ulizokuwa Unafua Mwenyewe

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii isome mwenyewe. Usimpe shangazi akusomee, maana humu ndani kuna mambo yako na yangu, na jambo akishalijua shangazi, Kinole nzima imelijua. Nimeandika kwa sababu simu hupokei. Na ukipokea unasema mtandao unakatika, wakati mimi nasikia mpaka jogoo wako anavyowika.

Mimi na Zuhura wazima. Ameota jino la pili na anapenda kulijaribia kwangu.

Nataka tukumbushane zile wiki ulizokaa kwangu hapa Mwembesongo, tulipokuwa tunapanda treni alfajiri kwenda Dar es Salaam kutundikiwa dripu ya dawa ya saratani ya mapafu. Siku ya kwanza daktari alitueleza taratibu kwamba dawa hii haiupigi uvimbe wenyewe, bali inawafungulia askari wa mwili ndio wakaupige. Akasema kuna watu ambao askari hao wakishafunguliwa huwageuka, wakashambulia utumbo, au ngozi, au hata hayo mapafu, na hakuna anayejua mapema watamgeuka nani. Wewe ukamjibu, "Kumbe ni mbwa wa kufukuzia nyani. Ukimlegezea kamba, kagua na banda la kuku."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Siku ile nilijivunia kuwa mwanao. Kisha akakuomba vitu viwili: damu kidogo kila ukienda, na ukweli. Alisema wanakusanya damu na maelezo ya wagonjwa ili siku moja waweze kumwangalia mtu kabla ya dripu ya kwanza na kusema, huyu tumbo lake tulichunge.

Damu ulitoa.

Kila Jumanne muuguzi alikuwa anapiga simu. Tumbo je, mzee? Ngozi? Pumzi? Nami nipo jikoni nasikia unavyomjibu kwa sauti ya furaha, "Sijambo mwanangu, alhamdulillahi, sijui nyie." Halafu unamuuliza habari za watoto wake, na yeye anakata simu ameridhika.

Muuguzi alikuwa mbali. Mimi nilikuwa nalala chumba cha pili, na sikuona. Nilikuwa naamka nakuta nepi za Zuhura zimeshafuliwa na kuanikwa, na shuka yako kwenye kamba hiyohiyo. Nikawatambia majirani kwamba baba yangu ni mwanaume wa milimani lakini nepi za mjukuu anafua. Wakanionea wivu. Ukaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, nikasema mzee ameongeza ibada. Ijumaa ukawa unaswalia chumbani, ukasema miguu imechoka kufika msikitini, kumbe ni udhu ndio haukai. Katika hayo yote hakuna hata moja ambalo sikukusifia. Nilikuwa nimechoka, baba. Mwenye mtoto mchanga akipata wa kumfulia nepi haulizi kwa nini. Nilipaswa kuuliza.

Mpaka asubuhi ile nilipokukuta sakafuni, mlangoni mwa choo, midomo imekauka kama ya mtu aliyetembea na jua siku nzima. Nilikuosha kwa mikono yangu, nikakuvalisha kikoi, nikaita bajaji. Njia nzima ulisema neno moja tu, "Ungeita mwanaume." Hospitali wakasema ile dawa imekuvimbisha utumbo ndiyo maana ulikuwa unaharisha, na tungesema wiki mbili nyuma huenda vidonge tu vingetosha.

Najua kwa nini ulificha, uliniambia mwenyewe wodini. Uliogopa wakijua watakukatia dawa, na pia binti haelezwi habari za choo cha baba yake. Hilo la kwanza silipingi, kweli wameisimamisha. La pili nina neno nalo. Siku ya harusi yangu ulisimama mbele ya wakwe zangu ukasimulia nilivyokuharishia mgongoni ulipokuwa unanishusha zahanati, kanzu yako ya Idi ikageuka rangi ya binzari, ukaifua mtoni na kuivaa mbichi. Ukumbi mzima ulicheka. Mama mkwe ananitania nalo mpaka leo. Kunitangaza hukuona haya, sasa kuoshwa na mimi mara moja ndiyo uhame nyumba?

Maana uliondoka bila kuaga, nikiwa nimempeleka mtoto kliniki. Niliporudi nikakuta kitanda kimetandikwa na vidonge ulivyopewa hospitali umeviacha juu ya kabati. Baba, vidonge vile havikatizwi ghafla. Vinapunguzwa kidogo kidogo, wao wakikuangalia, na ukiviacha tu mwili unaweza kuanguka. Nimempigia daktari, amesema uanze leo hiihii. Nimeviambatanisha na barua, vya kila siku kwenye bahasha yake, na kila bahasha nimeiandika siku.

Mapafu nayo hayajapigwa picha tangu dripu isimamishwe. Sitakudanganya, hakuna aliyeniahidi kitu. Ila kukaa hivi bila kujua kunanitesa kuliko jibu lolote watakalotupa.

Halafu kuna ule ukweli ulioombwa. Daktari anayo damu yako ya kabla na ya baada, lakini kwenye karatasi za wiki zile zote ameandikiwa kwamba mgonjwa hana tatizo. Aliniambia ile damu peke yake haimfundishi, na maelezo ya uongo yanamfundisha vibaya. Kesho atakutana na mzee mwingine mwenye damu kama yako, amwambie nenda nyumbani, wewe huna hatari. Na huyo mzee naye atakuwa na binti aliyechoka.

Kwa hiyo nimeshapanga. Jumatano ushuke na gari la kwanza, nitakupokea mjini tuunganishe kwenye treni. Nimeongea na yule muuguzi, ni mwanaume mtu mzima. Atakuuliza yeye, mlango umefungwa, mimi na Zuhura tutakaa nje kwenye benchi na sitauliza ulimjibu nini. Umwambie tumbo lilianza siku gani, mara ngapi kwa siku, na kama uliona damu. Akikuuliza hali, usimjibu kama unavyowajibu watu wa msikitini.

Usiposhuka Jumatano, Alhamisi napanda mimi. Nitambeba Zuhura mgongoni na nitafika kabla ya adhuhuri. Maswali ya muuguzi nimeyanakili yote, yako kumi na moja. Nitakuuliza moja moja, barazani, shangazi amekaa hapo anamenya ndizi.

Chagua, baba, nani akuulize.

Binti yako anayekupenda na asiyerudi nyuma,
Mama Zuhura